Si lazima mtu avushwe mpaka

Wengi huamini kuwa serikali kuu ya Marekani haiwezi kumshtaki mwenye danguro mpaka ithibitike kwamba mwathirika alivushwa mpaka. Imani hiyo ina mzizi: Sheria ya Mann ya 1910, inayotumika hadi leo, inahusu kumsafirisha mtu toka jimbo hadi jimbo kwa ajili ya ukahaba. Lakini sheria ya 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu haidai safari yoyote (jina lenyewe ndilo linalotupoteza). Aliyetumikishwa mtaa aliozaliwa naye analindwa. Kinachothibitishwa ni nguvu, ulaghai au shuruti, na shuruti si minyororo tu: kuna deni lisilolipika, pasipoti iliyofichwa, tishio la kuitiwa uhamiaji. Kwa aliye chini ya miaka 18 aliyetumiwa katika biashara ya ngono, hata hayo hayahitajiki.