Spea orijino ya Datsun 240Z: angalia hapa kabla hujatoa hela

Datsun 240Z ndilo gari lililotwaa Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha likatwaa tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kwa sifa hiyo, kila mwenye kipande chake atakuapia kuwa ni orijino. Wewe fungua boneti.

Anza na chesisi. Gari la usukani wa kulia, kama yetu, namba yake huanza na HS30. Ukikuta HLS30, hilo liliundwa kwa nchi za usukani wa kushoto. Namba imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na abiria, na kuna kibati chenye namba ya chesisi na ya injini. Vilinganishe na kadi ya gari.

Injini ndiyo inayotapeli wengi. L24 ya kiwandani ina cc 2393, lakini magari mengi yamefungwa L28 ya cc 2753, na kwa kutazama juu juu huwezi kuzitofautisha. Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa plagi, chini kidogo ya silinda hedi. Futa grisi kwa tambara lenye mafuta ya taa. Msasa usiuguse kabisa. Sasa inama na tochi, uimulike kwa ubavu. Ukiona mikwaruzo ya mviringo ya grainda, na namba zimegongwa juu ya mikwaruzo hiyo zikiwa na kingo kali, ujue kuna mtu alifuta za mwanzo.

Kwenye hedi, karibu na plagi, tafuta maandishi yaliyovimba, yaliyotoka na hedi yenyewe ilipomiminwa. E31 ni ya magari ya mwanzo, E88 ikafuata. N42 ni ya 280Z, ndugu yake aliyekuja baadaye. Hapo ndipo mteja na muuzaji hugombana bure: hedi ya N42 imetoka Nissan kweli, ila haikuzaliwa na gari lako, na bei yake isiwe sawa na ya E31.

Kabureta ziwe mbili, za Hitachi, zenye vichwa vya mviringo. Zenye vichwa bapa ni za 240Z za 1973 zilizoundwa kwa soko la Marekani. Mlango wa nyuma wenye matundu ya hewa ni wa magari ya mwanzo tu; baadaye matundu yalihamia ubavuni, nyuma ya madirisha ya pembeni. Ukiupata huo, usiuachie.

Hapa Tanga adui mkubwa ni chumvi. Gari lililolala Raskazone miaka mingi huliwa sakafu na chini ya betri, kisha hujazwa puti. Pitisha sumaku: isiposhika, ujue hapo kuna puti nene.

Mimi kipande chenye kutu kidogo na alama zake zote nakilipia zaidi kuliko kinachong'aa bila alama. Ukishanunua, piga picha kila namba kabla ya kumkabidhi mpiga rangi, na umwonyeshe mapema sehemu za kuziba kwa tepu.