Suksa haianzi kazi pale ulipoichoma

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mwanafunzi hodari kabisa: kwamba suksamethoniamu (suksa, dawa inayolegeza misuli yote, hata ya kupumua, ili mpira wa hewa uingizwe kooni) ni dawa ya misuli, kwa hiyo ukiichoma pajani inafika kazini upesi kuliko ukiipitisha kwenye mshipa. Nimeisikia Jinja, nimeisikia Arua, na inanikera kila mara, kwa sababu anayeiamini atashika laringoskopu, kifaa cha kufungulia koo, mapema mno, mbele ya mtoto anayebadilika rangi.

Suksa hufanya kazi pale ncha ya neva inapokutana na msuli, kwenye vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamsha msuli, na tunaitaka ifike kooni, kwenye taya na kwenye kiwambo, msuli mkuu wa kupumua. Kutoka pajani hadi huko hakuna njia ila damu. Mwanafiziolojia Claude Bernard alilionyesha hili Ufaransa katika karne ya 19: alizuia damu isifike kwenye mguu wa chura, neva akaiacha nzima, kisha akampa kurare, sumu inayopooza misuli. Chura akapooza, lakini mguu ule uliofungwa ukaendelea kuitikia. Ndiyo maana hata leo ukiufunga mkono wa mgonjwa kwa kofu ya presha kabla ya kumlegeza, mkono huo unabaki na nguvu na anaweza kukuonyesha kwa vidole kwamba angali macho.

Kwa mshipa, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo hulegeza ndani ya sekunde 30 hadi 60. Kwa msuli ni miligramu 4 kwa kilo, zisizidi 150 kwa jumla, na unangoja dakika 2 hadi 3, pengine 4. Wengi wakiona dozi kubwa hudhani ni ya kuongeza kasi. Sivyo. Kolinesterasi, kimeng'enya cha damu, huivunja suksa tangu inapoingia, na dawa inayotoka msulini kidogo kidogo inaliwa kadiri inavyokuja. Unaizidisha ili ibaki ya kutosha kufika kwenye vipokezi, basi.

Nadhani ketamini, dawa ya usingizi, ndiyo iliyotuzoesha vibaya. Kwenye vituo vya afya vya ngazi ya nne tumeichoma msulini miaka nenda miaka rudi, mgonjwa analala baada ya dakika chache, na mara nyingi anaendelea kupumua mwenyewe. Kule kungoja hakuna gharama kubwa. Kwa suksa, kungoja kunaweza kuwa kungoja bila pumzi.

Chukua mtoto ambaye koo limejifunga katikati ya usingizi na kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, imetoka. Hapo sindano ya msuli ni sahihi, na sitaki mtu asome makala hii akaogope kuichoma. Mikunjo ya sauti huanza kulegea kabla mwili mzima haujapooza, kwa hiyo hewa inaweza kuanza kupita mapema kuliko kitabu kinavyokuahidi. Lakini itapita tu ukiwa umeshikilia barakoa imara, taya limevutwa mbele, oksijeni safi inasukuma bila kukoma. Anayechoma kisha akasimama kutazama saa amemwacha mtoto peke yake. Atropini, dawa ya kuharakisha moyo, iwe mkononi, maana moyo wa mtoto hupunguza mwendo kwa urahisi kwa suksa. Na aliyekatazwa suksa, kama mwenye majeraha ya moto ya siku kadhaa, amekatazwa kwa njia zote.

Hata mshipa nao si mmoja. Kanula ya mguuni kwa mama aliyepoteza damu nyingi baada ya kujifungua haitakupa sekunde 30. Damu yenyewe inajikokota. Dawa iliyobaki kwenye mpira wa dripu haijaingia mwilini: isukume kwa maji ya chumvi, na uhakikishe kwanza kwamba hakuna aliyesahau kufungua tonike, ule mkanda wa kubana mkono au mguu. Mshipa ukikosekana kabisa, sindano ya ndani ya mfupa hufanya kazi karibu sawa na mshipa, na inasikitisha kwamba tunaikumbuka mwisho. Rokuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli, usiipeleke msulini kwa dharura: inachelewa, kisha inakaa zaidi ya saa nzima.

Nina shaka mbili. Zile dakika 2 hadi 3 zinafaa kwa mtoto mwenye mzunguko mzuri wa damu. Kwa yule mwenye mikono baridi na malaria kali sina namba ya kumpa mwanafunzi, na anayeitoa kwa uhakika simwelewi. Ya pili ni friji. Suksa inataka nyuzi 2 hadi 8, nasi umeme unakatika. Ikichelewa kushika, najiuliza kama ni njia niliyochagua, ni mzunguko wa damu, au ni dawa iliyokwisha kudhoofika kwa joto, na pale mezani siwezi kuzitenganisha. Kichupa kilichotoka kwenye baridi nakiandikia tarehe kwa kalamu, na siku 14 zikipita sikitumii tena.