Aliumia tumbo, mapafu yamefanya nini?

"Dokta, mwanangu si aliumia tumbo? Sasa hayo mapafu yamefanya nini?"

Mama mmoja aliniuliza hivyo mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mwanawe, dereva wa bodaboda, aliletwa siku 3 kabla, bandama imepasuka, tumbo limejaa damu, presha haipatikani. Wapasuaji waliitoa bandama, akaongezewa damu, akatulia. Siku ya 3 oksijeni ikaanza kushuka. Picha ya kifua ikaonyesha mapafu yote mawili yametanda weupe, na kifuani hakuwa na hata mchubuko.

Nilimjibu kwa maneno machache. Hapa nataka kulijibu swali lake vizuri, maana wengi tunaowapoteza baada ya ajali hatuwapotezi siku ile ya kutoka damu.

Damu inapopungua, adrenalini hubana mishipa ya ngozi, figo na utumbo ili kilichobaki kiende kwenye moyo na ubongo. Ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitali akiwa hai. Lakini utumbo unaumia: ukuta wake unakosa oksijeni, unaanza kuvuja, na sumu zake hupanda kwa njia ya limfu, majimaji ya mwili yenye mishipa yake, hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na shingo. Kutoka hapo, kituo cha kwanza ni mapafu. Panya wa maabara akifungwa mrija wa limfu ya utumbo kabla ya kutolewa damu, mapafu yake huumia kidogo tu.

Wakati huohuo seli zilizopondwa humwaga mitokondria zake, yaani vijisehemu vinavyoizalishia seli nishati. Mitokondria asili yake ni bakteria wa kale sana, na mwili ukizikuta zikielea kwenye damu huzidhania bakteria. Carl Hauser na wenzake wa Boston walilionyesha hilo mwaka 2010. Yaani mtu hana kidudu chochote, na mwili wake umeshapiga mbiu ya vita.

Wanaoitikia mbiu ni neutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote kwa mtu mzima. Ni nene kuliko vimishipa vingi vya mapafu, kwa hiyo kila siku hupita kwa kujibana. Zikishaamshwa hukakamaa, zinakwama humohumo, zinamwaga vimeng'enya vilivyokusudiwa bakteria. Vimishipa vinavuja, vifuko vya hewa vinajaa maji. Ule ndio weupe wa kwenye picha. Limfositi, chembe nyeupe za aina nyingine, nazo siku hizohizo hulegea, ndiyo maana nimonia haikawii.

Homoni za jinsia nazo zimo. Irshad Chaudry, huko Birmingham, Alabama, alikuta kinga ya panya dume ikiporomoka baada ya kutoka damu nyingi, wakati ya majike wenye estrojeni ya juu ilisimama imara. Madume waliohasiwa mapema nao walihimili. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini mwaka 2014 majaribio 2 ya projesteroni, homoni nyingine ya kike, kwa watu walioumia ubongo, zaidi ya 2,000 kwa jumla, hayakuonyesha faida yoyote.

Madaktari vijana huniuliza kwa nini basi tusitulize vita kwa steroidi, dawa zinazopunguza nguvu za kinga. Huwakumbusha mwaka 2004: wagonjwa zaidi ya 10,000 walioumia kichwa, na waliopewa steroidi walikufa wengi zaidi. Jeshi hilohilo linalochoma mapafu ndilo linalolinda kidonda. Mimi siligusi kwa kubahatisha.

Ninachoweza ni kuzuia damu mapema, na kumpa mgonjwa traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, ndani ya saa 3 za kuumia. Mashine naiweka isukume pumzi ndogo, mililita 6 kwa kila kilo inayokadiriwa kwa urefu wake, nisije nikayatanua mapafu yaliyokwisha kuumia. Na utumbo naulisha mapema kwa mpira wa puani, hata kidogo kidogo, kwa sababu ukuta wake hujilisha kwa kile kinachopita ndani.

Yule mama hilo la mwisho alilishika haraka kuliko yote. "Basi nilete uji?"

Lete, mama. Mwepesi, uliochujwa.

Kesho yake alfajiri alikuwa pale mlangoni na chupa ya chai mkononi.