Je, wajua kwa nini mlango wa banda hukwama ilhali mlango wenyewe ni mzima?

Masika yakikolea, mlango wa stoo ya mbao uani huanza kukwaruza kizingiti. Fundi anaitwa, anakuja na randa, anaupunguza pale unapobana. Kiangazi kikiingia, mlango uleule unaacha mwanya wa kupita panya. Huniuma kuona mlango mzuri wa mninga umeliwa hivyo, maana mara nyingi kosa liko chini, kwenye kona ya banda.

Ni kweli mbao hunyonya unyevu na kuvimba. Lakini huvimba kwa upana. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo funga mlango, utazame mwanya wa juu. Ukiwa mwembamba upande huu na mpana upande ule, mfano wa kabari, basi huenda fremu imelala.

Inalalaje? Pigilia vijiti vinne viwe mstatili, msumari mmoja kila kona, kisha sukuma kile cha juu. Vyote vinalala pamoja. Fanya hivyo kwa vijiti vitatu: pembetatu haitikisiki. Banda lisilo na mbao za mshazari, za kuugawa ukuta kuwa pembetatu, ni vile vijiti vinne. Kona moja ikititia, ukuta unalala na fremu inaufuata. Penye udongo mweusi, kama sehemu za Nairobi au mbuga za Shinyanga, hali ni mbaya zaidi, kwani udongo ule huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua.

Futi kamba itakuambia ukweli. Pima fremu kona kwa kona, mara mbili. Yenye upana wa sentimita 80 na kimo cha 200 inatakiwa kutoa 215.4 pande zote mbili. Sehemu ya juu ikisogea sentimita 2 tu, utapata 216.2 huku na 214.7 kule.

Kulirudisha banda, jaza maji kwenye mpira unaoonyesha ndani na utoe mapovu yote. Povu moja likibaki, vipimo vyote ni uongo. Maji ya ncha mbili husimama kimo kimoja, hata kona zikiwa hazionani. Tafuta kona iliyo juu kuliko zote, nyingine ziifuate hiyo. Weka jeki ya gari juu ya ubao mpana, inua kidogo sana, hamia kona ya pili, kisha rudi. Misumari ikianza kulia, simama kwanza. Usiingize mkono chini ya banda linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kila kona ikifika, ikalishe juu ya zege au jiwe bapa, mbao isiguse udongo ikaliwa na mchwa.

Pima tena kona kwa kona, vuta ukuta kwa kamba hadi vipimo vilingane, ndipo upigilie mbao ya mshazari. Mlango ufungwe bawaba mwisho kabisa. Uache nusu wazi: ukitulia hapohapo, mwimo wake, yaani mbao ya fremu yenye bawaba, umesimama wima.