Rangi hufa kwanza

Ua la mbuyu hufunguka wakati wa magharibi. Novemba iliyopita nilikaa chini ya mbuyu mmoja Bagamoyo tangu saa kumi na moja jioni, ubao wa kuchorea magotini, taa ya kichwani tayari, na kijana wa jirani kashika upondo. Ua la kwanza aliloangua lilikuwa jeupe pe, petali tano zenye mikunjo kama shuka jipya lililotolewa kwenye pakiti, na katikati shungi la stameni, zile nyuzi zinazobeba chavua, limetandaa mviringo. Nikaanza na rangi. Penseli niliiacha mfukoni. Ilipofika saa nne usiku, pale kidole gumba changu kilipogusa petali palikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la kidole. Kesho yake adhuhuri ua zima lilikuwa kama chai iliyolala.

Watu wanaonitazama nikifanya kazi hushangaa kwa nini napaka vitone vya rangi pembeni mwa karatasi kabla ya kuchora chochote. Ni kwa sababu umbo linasubiri. Mmea uliobanwa na kukaushwa vizuri hukaa hebaria, yaani ghala la mimea mikavu, hata miaka 300, na leo hii ukiuloweka ua wake kwenye maji ya moto petali zitalegea, utahesabu stameni zote. Rangi haina subira hiyo. Umewahi kukata bilinganya ukaenda kuchambua mchele, ukarudi ukakuta limeshakuwa jeusi? Ua nalo ni hivyo hivyo. Seli zikipasuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na kemikali za jirani, hewa inaingia, weusi unaanza. Joto letu huharakisha mambo. Kuna maua ya buluu ya yale magugu ya jamii ya Commelina, yanayotambaa shambani: yanafunguka alfajiri, na jua likiwa utosini petali zimeshayeyuka kuwa ute.

Kwa hiyo nikishika mchoro wa zamani wa mmea wa nchi za joto, uliochorwa na Mzungu aliyekuja kwa jahazi au merikebu, jambo la kwanza ninalotafuta ni rangi ile ilitoka wapi. Nani aliiona ua likiwa hai, na aliihifadhi vipi hadi ikafika kitabuni?

Anayenigusa kuliko wote ni Sydney Parkinson, kijana wa Edinburgh aliyeajiriwa na mtaalamu wa mimea Joseph Banks kuchora mimea kwenye safari ya merikebu Endeavour chini ya nahodha James Cook. Waliondoka Uingereza mwaka 1768. Mchoraji mwenzake, Alexander Buchan, alifariki Tahiti Aprili 1769, na tangu hapo mzigo wa Parkinson ukaongezeka: mimea, wanyama, hata mandhari. Huko huko Tahiti nzi walimtesa. Banks aliandika katika shajara yake kwamba nzi walikuwa wanakula rangi kwenye karatasi kwa kasi ile ile ya mchoraji kuzipaka. Wakamfunika kwa chandarua, yeye na meza na kiti na michoro yake, na bado haikutosha. Ikabidi watege mtego wa nzi humo humo ndani. Mimi naamini kila neno. Rangi za maji hushikizwa kwa gundi ya mgunga, na aghalabu hutiwa asali au sukari kidogo zisikauke zikapasuka. Kwa nzi hicho ni chakula kilichoandaliwa.

Mwaka uliofuata, huko Australia, pale walipopaita Botany Bay, mimea mipya ilikuwa mingi kuliko mkono mmoja unavyoweza. Waliitunza kwenye masanduku ya bati ikiwa imefunikwa vitambaa vya maji, ili isinyauke kabla haijafikiwa. Katika siku 14 Parkinson alimaliza michoro 94. Hesabu mwenyewe: ni karibu michoro saba kwa siku, kwenye chombo kinachoyumba. Mimi nikiwa mezani pangu, kimya, nikimaliza mmoja mzuri kwa siku tatu namshukuru Mungu.

Aliweza kwa sababu hakumaliza. Alichora mistari ya mmea mzima kwa penseli, akapaka rangi jani moja, petali moja, pengine kipande cha shina, halafu nyuma ya karatasi akaandika kwa maneno rangi za sehemu zilizobaki. Alikusudia kuzikamilisha akifika nyumbani. Hakufika. Merikebu ilitia nanga Batavia, Jakarta ya leo, na magonjwa ya pale yakawaandama hata baada ya kung'oa nanga. Parkinson alikufa baharini kwa kuhara damu tarehe 26 Januari 1771, akiwa na miaka kama 25.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Kule London, Banks aliajiri wachoraji watano kukamilisha michoro ile. Hao hawakuwamo katika safari ile. Walikuwa na mistari ya marehemu, petali yake moja yenye rangi, maneno yake nyuma ya karatasi, na mmea mkavu uliokwisha kuwa kahawia. Kisha wachongaji 18 wakahamisha michoro kwenye mabamba ya shaba, jumla 743. Banks alikufa mwaka 1820 bila kuyachapisha. Mabamba yalikaa hadi kati ya mwaka 1980 na 1990 ndipo yaliyosalia yakachapwa kwa rangi, nakala mia moja tu, kwa njia ya kale: kila rangi inasuguliwa kwenye bamba kwa kitambaa kilichosokotwa, kijani kwenye majani, nyekundu kwenye ua, kisha bamba zima linapigwa chapa mara moja. Ukisimama leo mbele ya karatasi mojawapo, rangi unayoiona imepitia mikono mingi, lakini mzizi wake ni ile petali moja na yale maneno machache ya mtu aliyekuwa anafukuza nzi.

Maneno, hata hivyo, yana udhaifu. "Nyekundu hafifu" ya kwangu na yako si moja. Ferdinand Bauer, Mwaustria, alilitatua hilo kwa namna ambayo hadi leo inanipa kizunguzungu. Mwaka 1786 alifuatana na mtaalamu wa mimea John Sibthorp kwenda Ugiriki na Uturuki, na badala ya kuandika rangi kwa maneno aliandika namba. Kila namba ilikuwa na rangi yake maalumu. Baadaye, kwenye safari ya merikebu Investigator iliyoanza mwaka 1801 chini ya Matthew Flinders, akiwa na mtaalamu wa mimea Robert Brown, alipanua mfumo wake ukafika rangi karibu elfu moja. Michoro yake ya safarini, ikiwemo ile ya pwani za joto za kaskazini mwa Australia, ni mistari myembamba ya penseli iliyojaa namba za tarakimu tatu: hapa kwenye ncha ya petali namba moja, nusu ukucha chini yake namba nyingine, kwenye unywele wa kikonyo nyingine tena. Hakuna tone la rangi. Alirudi Uingereza mwaka 1805 na michoro zaidi ya elfu mbili ya namna hiyo, kisha akaketi miaka kadhaa akiipaka rangi mmoja mmoja. Aliyomaliza kwa ajili ya Idara ya Wanamaji ya Uingereza, ile ya mimea peke yake, ni zaidi ya 200.

Niliwahi kujaribu mfumo wake. Nilitengeneza chati yangu ya rangi 120, nikaipa namba, nikaenda nayo Milima ya Usambara siku nne. Niliporudi ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba nilikuwa nimesoma 34 mahali pa 43 kwenye majani yote ya mmea mmoja, nao ulitoka na kijani cha ndizi mbichi wakati wenyewe ulikuwa na kijani cha mwani. Bauer alibeba elfu, na wanaomfahamu vizuri wanaamini nyingi alikuwa nazo kichwani.

Niliiacha namba nikarudi kwenye Kiswahili. Ukiwaza vizuri, lugha yetu ina chati ya rangi iliyokamilika, na chati yenyewe ni vitu. Kahawia ni kahawa. Kijivu ni jivu. Kijani ni jani, manjano ni bizari yenyewe, zambarau ni tunda lililokwishakuchafua ulimi utotoni. Tuna maji ya kunde, tuna ugoro, tuna damu ya mzee, ambayo hakuna mshona nguo wa Kariakoo asiyeijua. Nikiandika porini "damu ya mzee, imetiwa maziwa", nikifika nyumbani najua nichanganye nini, kwa kuwa vitu hivyo nimevishika. Wanafunzi wangu nawafundisha hivyo, na nawasihi wasione aibu kuandika "samli iliyoganda" kwenye karatasi ya sayansi.

Kwa mwelekeo huo namheshimu sana mchoraji Maria Sibylla Merian, ambaye wala hakuwa na haraka. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na binti yake Dorothea kwenda Suriname, Amerika ya Kusini, akakaa hadi 1701 maradhi yalipomrudisha Amsterdam. Kitabu chake cha 1705 kina mabamba 60: wadudu, na mimea wanayoila. Ukikifungua utakuta jikoni kwetu, maana nanasi, muhogo, papai, stafeli na pera vyote asili yake ni Amerika ya joto. Kuna bamba la kichaka chenye maua mekundu na manjano na stameni ndefu, kile kinachopandwa hapa kwenye nyua na kando ya barabara, Caesalpinia pulcherrima. Pembeni yake aliandika kwamba wanawake watumwa walitumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba wao wenyewe ndio waliomwambia. Hilo nalo lingeweza kupotea kama rangi. Mmea mkavu hausemi.

Ila ukikutana na nakala ya kitabu hicho, usiape kwa rangi yake. Karatasi zilichapwa kwa wino mweusi, na anayetaka rangi alipakiwa kwa mkono. Baadhi zilifanywa hivi: chapa ikiwa bado mbichi inabanwa juu ya karatasi nyingine, inatoka mistari myepesi iliyogeuzwa, ndipo rangi inapakwa juu yake na kufanana na mchoro halisi. Hizo ni nzuri kupita kiasi. Lakini nakala mbili haziwi sawa, na wekundu wa kamini, unaotokana na mdudu, hupauka ukianikwa kwenye mwanga. Ndiyo maana makumbusho huificha michoro hii gizani.

Huku kwetu yupo James Grant, aliyefuatana na mpelelezi Speke kutoka Zanzibar mwaka 1860. Mguu ulimvimba, akalazwa Karagwe miezi kadhaa. Alikuwa akikausha mimea, akichora, na kuandika matumizi yake kama alivyoyaona njiani. Mabamba yaliyotoka London miaka ya 1870 yalichorwa na mchoraji Walter Hood Fitch, ambaye hakuwahi kukanyaga Karagwe. Mistari ya Fitch ni ya fundi hasa. Nikitaka kujua ua lilikuwaje asubuhi ile, hata hivyo, naenda kwa Grant.

Nyuma ya karatasi yangu ya Bagamoyo nimeandika: "Saa 12:40 jioni. Petali: maziwa, kwenye mikunjo kivuli cha tui la kwanza. Stameni: nyeupe, vichwa samli. Ndani ya kikombe: manyoya ya hariri. Harufu bado tamu. Saa 4 usiku: ukingo kahawia, harufu imechachuka, popo wawili." Ua lenyewe nimelibana kati ya magazeti. Jana nilifungua kulitazama. Ni ugoro mtupu.