Je, wajua kwa nini tafakuri ya Kitao haianzi kwa kufumba macho?

Ukitaja Utao, ile njia ya kale ya Wachina, wengi huwaza mzee aliyekunja miguu mlimani, macho kayafumba, kimya. Ni kweli Watao hukaa hivyo. Lakini kwa walimu wao, anayekimbilia kukaa bila kutengeneza kwanza maisha yake anajichosha bure.

Aliyelieleza jambo hili kwa mpangilio mzuri ni Sima Chengzhen (647–735), mwalimu wa enzi za Tang aliyeishi katika mlima Tiantai, mkoa wa leo wa Zhejiang. Aliandika kuhusu zuowang, yaani kukaa na kusahau, zoezi lililokwisha kutajwa karne nyingi kabla yake katika Zhuangzi, kitabu cha kale cha Kitao. Alilipanga kwa ngazi saba: kuheshimu na kuamini, kukata mafungamano, kukusanya moyo, kupunguza shughuli, kutazama kwa ukweli, utulivu thabiti, na kuipata Tao. Kukaa kunaingia kwenye ngazi ya tatu.

Hoja yake ni hii. Moyo asili yake ni Tao yenyewe, chanzo cha vitu vyote. Ila umechafuka, ukafunikwa kidogo kidogo, ukatangatanga muda mrefu hata ukatengana na chanzo chake. Kwa hiyo umoja na Tao hautafutwi mbali wala hauongezwi juu ya mtu. Kinachotakiwa ni kuondoa kilichoufunika, na sehemu kubwa ya kilichoufunika haimo kichwani, imo katika namna tunavyoishi na watu.

Ndiyo maana ngazi ya pili inagusa mambo ya kila siku kabisa. Anayataja: kuonyesha wema na ujuzi wako ili watu wakulinde; kupeleka zawadi, pongezi na rambirambi ili nawe urudishiwe; kujifanya umejitenga na dunia huku unatamani cheo; kumkaribisha mtu kwa pombe na chakula ukitazamia fadhila baadaye. Kila fungamano la namna hii ni deni, na mwenye madeni akikaa kimya huanza kuyahesabu.

Mahali pa kukaa napo pana masharti, na kijitabu cha Tianyinzi, ambacho Sima alikiandikia dibaji, kinayaeleza vizuri. Ukikaa, elekea kusini. Ukilala, kichwa kiwe mashariki. Nyumba isiwe ya juu mno, maana mwanga utazidi, wala ya chini mno, maana giza litazidi. Vyote viwili hudhuru. Madirisha yawe pande zote, yafungwe upepo ukivuma na kufunguliwa ukitulia. Mbele ya kiti pawe na pazia: mwanga ukiwa mkali lishushe, pakiwa na giza likunje. Kabla ya hapo, chakula: kula ukiwa na njaa, usile mpaka ushibe sana, epuka kilichooza na kisichoiva. Usikae mno, usisimame mno, usifanye kazi mno. Mwili uliochoshwa hauwezi kuuhifadhi utulivu.

Sasa ndipo mtu anakaa na kuukusanya moyo, na hapa ndipo wengi hupotea. Sima anaonya dhidi ya makosa manne. La kwanza ni kuzima kila wazo linaloinuka, jema na baya pamoja. Matokeo yake ni utulivu wa kipofu, usio na ujuzi wowote ndani yake. La pili ni kuuachia moyo uende utakako, na hapo hakuna tofauti na mtu asiyefanya zoezi lolote. La tatu ni kuacha kuchagua jema na baya, moyo uelee bila mwelekeo huku ukingoja utulie wenyewe. La nne ni kushughulika na kila jambo huku ukidai moyo wako haushikwi na lolote: maneno mazuri, matendo mabovu. Hata kung'ang'ania utupu anakuhesabu kuwa ni kushikwa na kitu, na anasema humchosha mtu mpaka akaugua. Dawa yake ni subira. Mwewe ni ndege wa porini, lakini akifungwa kamba na kushikwa mkononi kila siku, hufugika.

Baada ya hapo unapunguza shughuli. Chakula cha kawaida na nguo kuukuu zinatosha kumweka mtu hai. Nyama, pombe na hariri ni mzigo wa ziada. Kisha unajifunza kuyatazama mambo kabla hayajatokea, ili yasikukute bila kujiandaa.

Ngazi ya sita ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu. Moyo ukitulia kweli, hekima huanza kuchomoza yenyewe. Sima anasema kuipata hekima hiyo si kazi kubwa. Kazi ni kuwa nayo na usiitumie. Mwenye kuona mbali hutaka kusema, hutaka kusifiwa, na papo hapo moyo unatoka nje tena, utulivu unavunjika.

Jambo hilo ndilo linalotenganisha daraja mbili zilizomo katika ngazi ya saba, kuipata Tao. Ujuzi wa Tao ukiwa mdogo hufika moyoni tu: mtu anaelewa, anasema vizuri, lakini kuitumia hekima ni kuutumia moyo, na moyo ukitumika kupita kiasi unachoka, mwili nao unadhoofika na kuzeeka kama wa wengine. Ujuzi ukizama, unaenea mpaka mwilini, mwili na roho vinakuwa kitu kimoja na Tao. Kwa Sima, mtu ambaye mwili wake bado umebaki nyuma ya moyo wake hajaufikia umoja, hata awe amekaa kimya miaka mingi.