Springi Haiinui Difu

Masika yakishamaliza kuzichimba njia, haipiti wiki bila ya mtu kuingia gereji kwangu hapa Chake Chake, Pemba, na kuniambia, "Fundi, niinulie pikapu, unifungie na mipira mikubwa." Nikimuuliza kwa nini, jawabu ni moja: chini inagusa. Basi namwambia ainame mwenyewe atazame alama za kukwaruzwa ziko wapi. Aghlabu ziko kwenye bonge la difu ya nyuma, yaani zile gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili.

Sasa difu hiyo imo ndani ya ekseli, chuma kinachokwenda gurudumu hadi gurudumu, na ekseli inabebwa na magurudumu. Ongeza majani ya springi, badilisha shekeli zinazoshikilia springi, fanya utakavyo: chesesi, ile fremu ya chini, na bodi vitapanda, difu ya nyuma itabaki pale pale. Kinachoipandisha ni tairi tu. Springi tunaziinua ili tairi kubwa lipate pa kukaa, lisile madigadi ukikata kona. Mbele ni habari nyingine. Kwenye pikapu za Toyota Hilux, toleo la Vigo na yaliyofuata, difu ya mbele imefungwa kwenye chesesi, kwa hiyo hupanda pamoja na gari.

Tupige hesabu. Hilux nyingi huja na tairi la 265/65R17. Hiyo 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni rimu kwa inchi. Tairi zima linapata kimo cha milimita 776 hivi. Ukifunga 285/70R17 unafika 831. Umeongeza 55, lakini nusu yake imekwenda juu ya ekseli; difu imepata 27 tu. Hapo ndipo mteja anaponitazama kama nimemwibia. "Pesa yote hii kwa kidole na nusu?" Ndiyo, kaka. Na kwenye njia yenye mgongo katikati, kidole na nusu ndicho kinachokupitisha.

Tairi hilo limezidi kwa asilimia 7, kwa hiyo dashibodi ikikusomea 80, wewe unakwenda karibu 86. Gari inakuwa nzito kuondoka, na vilima vyetu unavijua.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni breki. Hilux nyingi zina valvu ndogo karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono unaopima umbali baina ya chesesi na ekseli. Ukipakia, chesesi inashuka, valvu inajua kuna mzigo na inazidisha nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua nyuma inchi mbili bila ya kuurekebisha mkono ule, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Umepakia mifuko ishirini ya saruji, unateremka, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu nusu. Nimeshaletewa gari ya namna hiyo, imeinuliwa kwengine. Mwenyewe alikuwa akinunua pedi za mbele kila mara na kumlaumu muuza spea.

Mimi naishia inchi mbili. Zaidi ya hapo shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, buti, yaani mipira inayofunika sivi jointi, viungo vya shafti hizo, zinapasuka, mchanga unaingia. Mipira inayopitisha mafuta ya breki nayo inavutika gurudumu likining'inia. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ni lazima, na taa za mbele zishushwe siku hiyo hiyo, vyenginevyo mwenye vespa anayekuja mbele yako hatoona kitu. Wanaoniletea vipande vya mbao niwakazie chini ya springi, huwarudisha navyo.

Kuhusu aina ya tairi, nakuuliza kwanza unakwenda wapi. Upande wa mikarafuu ni udongo, na unyeshewe uone unavyoteleza. Huko tairi la meno makubwa lina maana, ukivumilia mngurumo wake kwenye lami yote ya Mkoani mpaka Konde. Micheweni ni mawe ya matumbawe, makali kama msumeno, na yanachopata kukata ni ubavu. Huko tafuta tairi lenye ubavu mnene, meno ni ziada.

Na tairi la akiba? Lile kubwa mara nyingi halienei pale chini ya karai la mizigo. Mteja wangu mmoja aliamua kubaki na la zamani, maana lilikaa vizuri. Akachanika Micheweni, akalifunga nyuma, akanipigia simu kwa furaha kuwa anarudi. Nikamwambia aje pole pole, kwani magurudumu mawili yasiyolingana yanaitia difu kazini njia nzima, na asiingize fo wili, yaani asiyaendeshe magurudumu yote manne, hata akikwama.

Alikwama. Akaiingiza.